Dada Ananingoja Darajani

Daftari halikufichwa vizuri. Nabwire alikuwa akigeuza godoro la mtoto asubuhi ya Jumanne, likaanguka sakafuni na kufunguka lenyewe, kama kitu kilichokuwa kikingoja nafasi.

Hakuwa na haraka. Kule ghalani alikokuwa akichagua mahindi, kazi ilianza saa mbili, na ukungu wa Julai ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya mtaa wa Huruma. Akaliokota. Nabwire alikuwa mwanamke aliyemaliza darasa la saba, na kila Jumapili ndiye aliyesimama kuwasomea akina mama neno. Maandishi hayakuwa yamemtisha hata siku moja.

Haya yalimtisha. Yalikuwa ya bintiye Nanzala, mwenye miaka tisa. Makubwa, yaliyopinda, mengine yamegeuka kama watu wanaotazama nyuma njiani. Alisoma polepole, akiruka maneno yasiyo na maana.

*dada ananigoja darajani.*

Akakaa kitandani. Akafungua ukurasa wa pili.

*dada amelowa. dada amesema nisimwamdie mama.*

Na mbele kidogo:

*dada anasema tutaenda wote siku moja.*

Nanzala alikuwa na dada mmoja tu. Jina lake Hellen. Mto Sosiani ulimchukua mwezi wa Agosti mwaka wa themanini na sita, miaka miwili kasoro mwezi mmoja iliyopita, pale pale kwenye daraja la magogo, na haukumrudisha. Watu walitafuta siku sita. Mwishowe wazee walisema roho isiachwe ikizurura. Wakakata kigogo cha mgomba, wakakivika gauni la mtoto, wakakitia ndani ya jeneza na kwenda kukizika nyumbani Kimilili. Nabwire alilia juu ya mgomba ule kama watu wote, lakini moyoni hakuuzika. Mgomba ni mgomba.

Siku ile ya mazishi, mbele ya halaiki, alimgeukia mumewe Wepukhulu. Yeye ndiye aliyetangulia darajani asubuhi ile na kumwambia mtoto amfuate, hali kulikuwa na kibao kipya kimepigiliwa pale, herufi nyekundu: DARAJA BOVU. MSIPITE. Alipita mbele ya kibao kile kama anayepita mbele ya kisiki.

"Usikanyage mlango wangu tena," Nabwire alimwambia, "mpaka mto unirudishie mtoto wangu."

Wepukhulu aligeuka. Alichukua koti lake akaenda, ikasemekana amepata kazi ya kukata kuni katika shamba fulani huko Chepsaita. Daraja likatengenezwa. Na majirani, kwa huruma zao, wakaacha kumwita Nabwire Mama Hellen, wakaanza kumwita Mama Nanzala. Kila alipoitwa hivyo ilikuwa kama mtu amefunika kaburi kwa jembe moja la udongo.

Sasa mto ulikuwa umerudisha.

Jambo ambalo Nabwire hakumwambia mtu yeyote, hata baadaye, ni kwamba kabla ya hofu ilimjia furaha. Ilikuwa furaha ndogo, ya baridi, na ilimchoma kama kugusa chuma asubuhi. Ndipo akasoma tena ule mstari wa kwenda wote siku moja. Furaha ikafa. Wafu hawaji kutembea tu. Wanakuja kuchukua mwenzao.

Jioni Nanzala alirudi kutoka shule, akanywa uji, akakaa karibu na jiko la makaa. Nabwire alimtazama miguu. Hakuthubutu kulitaja jina la marehemu mbele yake. Kwao jina la namna hiyo halitajwi ovyo, mwenyewe asije akaitika.

"Nanzala. Umepitia wapi?"

"Njiani."

"Njia ya barabara au ya daraja?"

Mtoto alitazama makaa. "Ya barabara."

"Na nani anakungojanga darajani?"

Kijiko kiligonga kikombe. "Hakuna mtu, mama."

Mkoba wake ulikuwa umetuna ubavuni. Nabwire aliufungua, akakuta mapera manne, yameiva, yana ubaridi wa ukungu. Katika Huruma nzima hapakuwa na mpera.

"Haya umepewa na nani?"

Nanzala alifunga mdomo wake kama mlango wa duka.

Mtoto huyu hakuwa mjinga. Hilo Nabwire alilijua kama alivyojua kiganja chake. Ukimsomea zaburi mara mbili anakurudishia yote bila kukosea. Siku za likizo alipokuja ghalani, alipiga gunia kofi moja, akasikiliza, akasema, "Hili lina fukusi," na likifunguliwa, lina fukusi. Lakini shuleni alikariri darasa la pili, na sasa la tatu lilikuwa linamshinda. Mwalimu aliyekuwapo mwaka jana alimwita kichwa maji. Viboko viliingia mwilini, herufi hazikuingia kichwani. Akisoma, maneno humponyoka, hujikwaa, akalia. Nabwire aliwahi kujiuliza ni nini kinachomfungia mtoto wake vitabu. Usiku ule alidhani amepata jibu. Kuna aliyeketi kati ya mtoto na kitabu, naye amelowa maji.

Alhamisi alimpelekea habari Mama Virginia, mwenye duka la kona, mwanamke wa Nyeri aliyekuwa ameishi Eldoret tangu kabla ya Uhuru.

"Ngai!" Mama Virginia aliacha kupima sukari. "Hebu nione. Hii ni mkono ya mtoto kweli? Ona vile inaangalia nyuma. Hii si maandishi ya mtu hai, Mama Nanzala."

"Usiseme hivyo."

"Sasa niseme nini? Niseme ni homework? Twende kwa Zachariah."

Zachariah alikuwa kiongozi wa kikundi kidogo cha maombi kilichokutana chini ya banda la mabati karibu na reli. Hakuwa mtu mbaya. Alilichukua daftari kwa ncha za vidole, akalishika mbali na kanzu yake nyeupe, akasoma akitikisa kichwa.

"Huja siku gani?"

Nabwire alifikiri. Gauni la shule lililorudi na tope pindoni, viatu vilivyolowa, mapera. "Jumanne," alisema. Akahesabu tena kwa vidole. "Jumanne na Ijumaa."

"Hellen alikufa siku gani?"

"Ijumaa."

Mama Virginia alijishika mashavu.

"Mama," alisema Zachariah, "aliyekufa hana kalamu. Huazima mkono. Kwanza, mtoto atoke shule, maana kalamu ndiyo mlango. Pili, daftari lichomwe. Tatu, Jumamosi asubuhi tutampeleka darajani, tutamzamisha mara saba. Alipoingilia, ndipo atokee."

"Mto umejaa, ndugu Zachariah."

"Imani nayo ijae."

"Nanzala huogopa maji."

"Anayeogopa si yeye," Zachariah alisema taratibu. "Ni huyo mwingine."

Usiku ule Nabwire hakulala. Alisikiliza pumzi za Nanzala upande wa pili wa pazia, na chini ya pumzi hizo alisikia, au alidhani anasikia, maji. Hufikirii kuwa mto unasikika mpaka Huruma. Mtu akitega sikio vya kutosha husikia.

Ijumaa adhuhuri aliomba ruhusa ghalani, akaenda shuleni kumtoa mtoto.

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa mgeni muhula ule, msichana aliyetoka chuo cha ualimu juzi juzi, anaitwa Waceke. Alikuwa amesimama kando ya makreti ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, akihesabu pakiti. Nabwire alimsalimu, akamwambia kwamba Nanzala hatarudi Jumatatu.

"Mnahama, mama?"

"Hapana."

"Basi kuna nini? Huyu ndiye mtoto wangu mwenye masikio kuliko wote. Nikisoma hadithi leo, kesho anaisimulia na koma zake."

Nabwire hakuwa amekusudia kusema. Lakini alikuwa amebeba jambo hilo siku tatu, na mwalimu alikuwa na uso wa kusikiliza. Alitoa daftari ndani ya kanga. Alieleza yote: mto, mgomba, mapera, Jumamosi.

Mwalimu Waceke hakucheka. Alikaa juu ya kreti tupu, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Kisha akaanza kupitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikisogea, kama mtu anayetafuta chawa.

"Mama Nanzala," alisema hatimaye, "nionyeshe b."

"Nini?"

"Herufi b. Moja tu. Humu ndani."

Nabwire aliinama. Alitafuta ukurasa wa kwanza. Alitafuta wa pili, wa tatu, mpaka mwisho, kwenye jalada lililochapwa jedwali la kuzidisha. Katika daftari zima hapakuwa na b hata moja.

"Tumwite mwenyewe," Waceke alisema.

Nanzala alikuja, akaliona daftari, akataka kukimbia. Mwalimu alimshika bega, akampa chaki na ubao mdogo. "Huna makosa. Niandikie maneno matatu tu. Andika bibi."

Mtoto aliuma ulimi, akaandika: *didi*.

"Bati."

*dati.*

"Dudu."

*dudu.*

"Asante. Umejitahidi." Waceke alimgeukia Nabwire. "Umeona? Kwake hizi mbili ni kitu kimoja. Sufuria ukiielekeza mkono huku, ukiielekeza kule, si bado ni sufuria? Ndivyo macho yake yanavyomwambia. Si ujinga, mama, si uvivu, si pepo. Kuna watoto wana akili nzima, macho mazima, lakini herufi haziwatulii. Kizungu kina jina lake, refu kama treni ya mizigo. Nililisikia mara moja tu chuoni, na hata hivyo nilijua maana, kwa sababu kaka yangu Kinyanjui alikuwa hivyo. Walimpiga mpaka akaacha shule. Leo anafungua injini ya trekta yote na kuirudisha gizani."

"Na dawa yake?"

"Dawa ni njia. Mtoto kama huyu hafundishwi kwa jicho peke yake, hufundishwa kwa mkono na kwa mwili." Akachora b kubwa kwenye vumbi, akachukua kidole cha Nanzala na kukipitisha ndani yake. "Huyu ni baba. Anatembea kuelekea huku tunakoandikia. Kitambi chake kiko wapi?"

"Mbele," Nanzala alisema.

Akachora d. "Na huyu ni dada. Amebeba mtoto. Anambebea wapi?"

"Mgongoni."

"Basi. Baba, kitambi mbele. Dada, mzigo mgongoni. Nyumbani mama akumwagie unga kwenye sinia, uandike kwa kidole, mara kumi, mara mia. Mimi hapa sitakusomesha mbele ya darasa kabla hujawa tayari, na hakuna atakayekupiga kwa sababu ya herufi."

Nabwire hakuwa akisikiliza tena. Neno lilikuwa limemkwama. Alilitazama daftari mapajani mwake, na kila d iliyokuwa pale ilianza kugeuka taratibu, kama mtu unayemwona kwa mgongo anapoanza kukuonyesha uso.

*Baba ananigoja darajani. Baba amelowa.*

"Nanzala," alisema. "Hili neno ni nani?"

Mtoto alitazama chini. Machozi yalidondokea ubao. "Alisema nisikuambie. Sikukuambia, mama. Niliandika tu. Mwalimu wa zamani alisema maandishi yangu hayawezi kusomwa na mtu yeyote."

Waceke aliinuka, akaenda kuhesabu maziwa ambayo alikuwa amekwisha kuyahesabu.

Ungedhani Nabwire angeshukuru. Mtoto aliyekuwa ameshikwa na mfu alikuwa hajashikwa. Lakini kilichomshika yeye ni ukiwa. Kwa siku tatu Hellen alikuwa amesimama darajani, amelowa, lakini yupo. Sasa mstari mmoja wa chaki ulikuwa umemwondoa, na safari hii hapakuwa hata na mgomba wa kulilia.

Halafu akakumbuka kwamba ile ilikuwa Ijumaa.

Walishuka mtoni kama saa kumi, mama na mtoto. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema kutoka milimani, ukaubana mto, hata mtu akawa anasikia maji bila kuyaona. Magogo ya daraja yalitokeza mbele yao mawili mawili. Katikati, pale hasa, alisimama mtu. Hakuwa na uso. Koti lilimning'inia maji yakitiririka pindoni, na hakusogea.

Nabwire alikuwa anajua ni nani, na bado alirudi nyuma hatua moja. Alibana mkono wa mtoto.

"Usimpige," yule mtu alisema. "Kosa ni langu."

"Baba ya nani huyo anaongea kwenye ukungu kama chura? Sogea nikuone."

Wepukhulu alisogea. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika mfuko wa mapera. "Mama Hellen," alisema. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa amemwita hivyo, na Nabwire ilibidi ashike kamba ya daraja. "Ulisema nisikanyage mlango. Sijakanyaga. Trekta ya shamba huleta maziwa mjini Jumanne na Ijumaa, nami hudandia nyuma, mvua ikininyeshea. Nimekuwa nikimvusha tu, asivuke peke yake, na kumwambia siku moja tutaenda wote nyumbani."

"Wewe! Wewe ndiye wa kumvusha mtoto hapa? Kibao kilikuwa hapa! Herufi kama kichwa cha ng'ombe, nyekundu! Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Ukapita."

"Sikujua kinasema nini."

Maji yalipita chini yao. Nabwire alimsogelea, akamkazia macho. Mwanamume huyu alishika gazeti kila Jumapili kwa miaka kumi na miwili. Kisha Nabwire akakumbuka maneno yake: *Nisomee wewe, macho yananiuma. Nisomee wewe, sauti yako ni nzuri.* Barua za kwao, zote alizisoma yeye. Fomu zote alijaza yeye. Na siku ya kura Wepukhulu alimshika mkono akimwambia twende foleni moja.

"Miaka mitatu nilipigwa shuleni," Wepukhulu alisema. Alikuwa akiliambia gogo, si mkewe. "Nikiangalia herufi, zinatembea. Mwalimu alisema nimelaaniwa. Nikajifunza kuficha. Siku ile niliona ubao mwekundu nikadhani ni tangazo la mkutano. Nikasema, Hellen, njoo haraka. Sasa uniambie, ningesema nini kwenye mazishi mbele ya watu? Kwamba mtoto amekufa kwa sababu baba hajui kusoma? Ni heri waseme nilikuwa na kiburi."

"Ni heri nani? Ni heri wewe!" Nabwire alipiga kelele, na sauti yake ikamrudia kutoka ng'ambo. "Mimi nililala miaka miwili na mtu wa kiburi kichwani mwangu!"

Nanzala alikuwa amemwachilia mama mkono. Alisimama katikati yao.

"Na wewe pia zinatembea, baba?"

Wepukhulu alimtazama. "Zinatembea."

"Hata mimi."

"Najua," alisema. "Uliponionyesha daftari na kuniambia unavyopigwa, nilijua. Ndiyo maana nilianza kulia, ukaniuliza kama ni mvua."

Hasira ya Nabwire haikuisha. Haikuwa ya kuisha kwa siku moja, wala kwa mwaka. Lakini ilikosa pa kukaa. Kwa miaka miwili ilikuwa imekaa juu ya mtu aliyeona na kupuuza, na mtu huyo hakuwapo. Alikuwapo huyu, aliyelowa, ambaye hakuna aliyewahi kumchorea herufi kwenye vumbi.

"Kesho asubuhi Zachariah anakuja na watu wake," alisema. "Wanataka kumzamisha mtoto hapa mara saba. Mimi ndiye niliyewaita. Nikiwa peke yangu watanishinda kwa maneno. Njoo usimame mlangoni."

"Ulisema..."

"Najua nilichosema. Mlangoni, Wepukhulu. Uingie au usiingie, tutaona. Mchukue mtoto sasa, mnitangulie kule juu barabarani."

Walienda. Ukungu uliwafunga, akabaki anasikia viatu vya mtoto tu kwenye changarawe, kisha havikusikika.

Nabwire alibaki peke yake juu ya magogo. Aliangalia nyuma kuhakikisha hakuna mtu. Kisha akafanya jambo ambalo kwao halifanywi: aliliita jina kwa sauti, akiyaelekea maji.

"Hellen."

Alingoja. Alimpa nafasi, kama unavyompa mtoto aliye mbali nafasi ya kuitika. Alitega sikio kwa muda mrefu, kwa mwili wake wote, mpaka baridi ikampanda magotini. Mto ulipita. Hakuna aliyeitika.

Ndipo akajua kwamba hakuna aliyekuwa pale, na kwamba hakuna aliyekuwa akingoja. Akajifunga kanga vizuri, akaanza kupanda kuelekea walikokuwa.